Sauti Kati ya Ubao na Maji

Asubuhi za ziwani huanza kwa rangi moja tu. Kabla jua halijatoka, maji na mawe na anga vyote huwa kijivu kile kile, na mtu akisimama kwenye ncha ya ubao unaotokeza mbele ya mwamba, huwezi kujua kama amesimama au ananing'inia. Hivyo ndivyo ninavyowakumbuka warukaji wa ufuko ule: watu wanaoning'inia katikati ya kijivu, wakisubiri.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo Butimba, ninapiga picha za pasipoti, za mahafali, na zaidi ya zote, za harusi. Aliyenipeleka ufukoni alikuwa bibi harusi niliyewahi kumpiga picha, mwalimu wa shule ya msingi. Siku ya harusi yake alinishangaza kwa kuvua viatu na kutembea juu ya ukingo wa bwawa la hoteli akiwa na gauni lake jeupe, mikono ameitandaza, huku mama mkwe wake akimwita kwa sauti ya kubembeleza. Nilidhani ni furaha ya siku hiyo. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anayapima maji kwa macho, kama anavyoyapima kila mahali.

Alinipigia simu muda mrefu baada ya harusi ile.

"Tuna kikundi chetu," alisema. "Tunaruka kutoka juu, tunapiga mbizi. Tuna ubao tuliofunga wenyewe. Picha tunapiga kwa simu, lakini tukiziangalia hatuoni kitu, ni ukungu na povu. Njoo ututazame."

Ukipita Buzuruga ukashuka kuelekea ziwani, kuna ufuko mdogo uliojificha nyuma ya mawe makubwa yaliyobebana. Zamani palikuwa na nyumba ya wageni. Imebaki sakafu, na ngazi za zege zinazopanda juu ya mwamba bila kufika mahali popote. Huko juu ndiko walikofunga ubao wao kwa vyuma na boliti, ukitokeza juu ya maji ya kina kirefu ambayo hata mchana huwa meusi. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao: mwalimu, fundi wa kuchomelea aliyefunga vile vyuma, dereva wa bajaji, na fundi cherehani mmoja mrefu, mwembamba, ambaye hakunijibu nilipomsalimia.

"Hasikii," mwalimu aliniambia. "Mpungie mkono tu."

Nikampungia. Akainamisha kichwa na kutabasamu.

Siku hiyo ya kwanza jua lilikuwa limeshapanda, na picha zangu hazikuwa bora sana kuliko zao. Warukaji walionekana kama nguo zilizochukuliwa na upepo kutoka kwenye kamba. Nilikaa pale nikifikiri, miguu ndani ya maji ya vuguvugu, nikaona kwamba kilichohitajika si mwanga mwingi bali mwanga mfupi. Flashi huwaka na kuzimika kabla hujapepesa jicho. Ukiiwasha penye giza kidogo, kamera haioni kitu kingine isipokuwa kile ilichokigusa: tone la maji linasimama, vidole vya miguu vinasimama, mtu mzima anasimama hewani.

"Tuje kabla ya jua," nikamwambia mwalimu.

Basi nilirudi alfajiri na flashi zangu za harusini, kila moja nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Moja niliiweka kwenye ngazi. Nyingine niliifunga chini ya ubao, imetokeza kidogo mbele ya ncha na kutazama juu. Ya mwisho dereva wa bajaji aliivusha akiogelea kwa mkono mmoja, akaisimamisha juu ya jiwe lililo majini, ili immulike mrukaji kutoka nyuma na kumtenga na anga. Mimi mwenyewe nilikaa upande wa pili wa kighuba, pale ziwa linapoingia kidogo kati ya mawe, na juu ya kamera yangu palikuwa na rimoti ndogo ambayo huzungumza na flashi zote kwa mawimbi ya redio. Nikibonyeza, zinatakiwa ziwake kwa pamoja. Ile ya majini ilikataa. Mwamba ulikuwa umesimama kati yake na mimi.

"Isogeze kidogo!" nikapaza sauti. "Tena kidogo!"

Mara ikaitika. Kighuba chote kikawa cheupe. Ndege weupe waliokuwa wamelala juu ya mawe waliruka wote pamoja, na kwa kitambo kifupi sana niliwaona wamesimama angani, kila unyoya mahali pake. Kisha kijivu kikarudi, nikabaki nasikia mabawa tu yakienda mbali juu ya maji. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kufurahia taa zangu namna ile ukumbini, ambako huwamulikia watu wanaokata keki.

Asubuhi hiyo ndipo nilipomwona dada yake yule fundi cherehani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkubwa kwangu, aliyejifunga kitenge kichwani mpaka masikioni. Alikuwa amekaa kwenye ile sakafu ya nyumba ya wageni, pembeni ya jiko la mkaa lenye birika, na mgongo wake aliuelekeza ziwani.

"Shikamoo, dada," nikamwambia.

"Marahaba. Chai ipo, mwanangu. Ukimaliza kazi yako uje."

"Hukai upande huu ukaona?"

"Mimi sitazami." Alisema kama mtu anayesema kwamba yeye hali nyama. "Namleta, namsubiri, namrudisha. Akiwa kule juu mimi naangalia jiko langu."

Mwalimu aliniambia baadaye kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Dada huyo alikuwa amemlea mdogo wake baada ya wazazi wao kufariki kijijini, upande wa Magu, akaja naye mjini, akamtafutia mahali pa kujifunza cherehani. Kila asubuhi ya kuruka alikuja naye, na hakuwahi kumwona akiruka hata mara moja.

Zamu ya mdogo wake ilipofika, tulipata shida. Kwa kawaida mtu wa chini huangalia kama maji ni matupu, hayana mtu, halafu humpa mrukaji ishara. Wengine huambiwa "haya!" na inatosha. Yeye alipungiwa taulo. Lakini katika giza lile taulo halikuonekana, akabaki kwenye ncha ya ubao, anainama, anachungulia, ananyoosha mikono kuuliza. Bila kufikiri sana nikabonyeza kitufe cha kujaribia flashi moja moja, ile flashi ya chini ya ubao ikawaka peke yake. Nyayo zake zikang'aa. Akatazama miguu yake, kisha akatazama upande wangu, akaweka kiganja kifuani.

Akaelewa, nami nikaelewa. Tangu siku hiyo, ruhusa yake ilikuwa mwanga. Maji yakiwa matupu, mwalimu ananiinulia mkono, mimi nabonyeza, nyayo zinamulikwa, naye anaruka.

Alikuwa mrukaji wa namna yake. Wengine walijikunja na kujizungusha. Yeye alijiachia tu, mikono ameifungua, akashuka ameinamisha kichwa taratibu mpaka dakika ya kukutana na maji, ambapo mikono ilijikusanya mbele yake na maji yakafunguka bila kelele. Nilimpiga picha mara nyingi asubuhi ile. Kwa macho sikuona kitu. Niliona mwako, halafu nikaona duara likipanuka juu ya ziwa.

Nilizitazama picha zile nyumbani, kwenye kompyuta, mezani sebuleni. Ninaishi na mama yangu, aliyehamia kwangu kutoka Bukoba baada ya baba kufariki. Alikuwa anamenya ndizi pembeni yangu, akiinua macho mara moja moja. Picha za mwalimu zilimfurahisha. Ya fundi wa kuchomelea, aliyekuwa amefumba macho na kukunja uso, ilimchekesha. Tulipofika kwa yule asiyesikia, aliweka kisu chini.

"Huyu anaongea na nani huko juu?"

"Haongei, mama. Ni bubu. Hasikii."

"Wewe mtazame mdomo."

Nikavuta picha ikawa kubwa. Alikuwa amesimama katikati ya hewa, maji ya mruko uliopita yakimtoka kwenye nywele kama shanga, mgongo umechorwa kwa mwanga wa flashi ya nyuma. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nilifikiri ni pumzi. Nikafungua picha iliyofuata: midomo ilikuwa imekusanyika, imechongoka kidogo. Iliyofuata: imebanwa, mashavu yamejaa. Katika picha ile iliyomfanya mama aweke kisu chini, na katika zote zilizoifuata, hapakuwa na mdomo mmoja uliofanana na mwingine.

"Anaongea," mama akasema, akarudi kwenye ndizi zake. "Nimefundisha kwaya ya kanisa miaka mingi. Mdomo wa mtu anayetoa neno naujua."

Nilimpigia simu mwalimu. Naye akasema, "Unajua, huwa anatoa kasauti. Tukiwa juu kwenye ngazi tunakasikia. Tulidhani ni hewa inamtoka tu."

Nilisafisha picha chache kwenye karatasi nzuri, nikazitia kwenye bahasha na kuzipeleka Buzuruga, kwenye kibanda ambako yule fundi cherehani na dada yake walifanyia kazi. Yeye alikuwa kwenye cherehani, amevaa futi ya kupimia shingoni. Dada yake alikuwa anakunja vitenge.

"Nimekuletea mdogo wako," nikasema.

Hakuichukua bahasha mara moja. Alifuta mikono, akaketi, akaniuliza: "Yuko juu, au ameshafika chini?"

"Yuko katikati."

"Katikati." Alivuta pumzi. "Basi nipe. Humo haendi popote."

Aliitazama ile ya kwanza kwa muda mrefu. Nilitarajia aseme kuhusu urefu, au kuhusu mikono iliyofunguka. Alichosema ni, "Amekonda." Kisha akaisogeza karibu na macho, na nikaona vidole vyake vinagusa mdomo wa mdogo wake kwenye karatasi. Akachukua ya pili, na ya tatu. Aliinuka, akaenda kumgusa bega. Cherehani ikanyamaza.

Walikuwa na lugha yao ya mikono, waliyoitengeneza wenyewe nyumbani. Sikuijua, kwa hiyo ninachoeleza hapa ni kile dada yake alichonitafsiria pale pale, akisita, akirudia, wakati mwingine akiacha kutafsiri kabisa na kubaki anamtazama.

Mdogo wake alikuwa amezaliwa akisikia. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, dada yake alisema, anayeimba mpaka unamfukuza uani. Kabla hajaanza shule alipata homa kali, ikamwacha na masikio yaliyokufa. Sauti alibaki nayo. Lakini shuleni alipofungua mdomo watoto walicheka, kwa sababu sauti ya mtu asiyejisikia huenda inakotaka. Akafunga mdomo, na dada yake alidhani kwamba maneno yote yalikuwa yamekwisha, kama mtungi unavyokauka usipotiwa maji.

"Nimemuuliza unasema nini kule," aliniambia. "Anasema, anasema maneno yake. Yale ya utotoni. Kila akiruka, neno moja. Ili yasimpotee."

"Kwa nini hewani? Kwa nini asiyaseme hapa?"

Akamuuliza. Mdogo wake alifikiri. Aliweka kiganja juu ya meza ya cherehani, akakitikisa kidogo. Akaonyesha sakafu, akatikisa. Akaonyesha barabara nje, ambako lori lilikuwa linapita, akatikisa mkono wote. Halafu akauinua mkono ule juu, peke yake, akautuliza kabisa. Kwa mkono wa pili akagusa kifua chake.

Dada yake akanitafsiria.

"Anasema chini kila kitu kinatetemeka. Mashine, magari, ardhi yenyewe. Vyote vinaingia mwilini mwake, hawezi kutofautisha. Akiwa hewani hakuna kinachomgusa. Akisema neno, anajua ni yeye. Analisikia hapa." Akajigusa kifuani, mahali pale pale.

Lori lilikwisha kupita. Mdogo wake aliziangalia picha zake kwa mara ya kwanza, akazipanga juu ya kitambaa alichokuwa anashona, na katika moja akajicheka, kwa sababu kaptula yake ilikuwa imechanika nyuma na hakuna aliyemwambia.

Asubuhi iliyofuata ya kuruka, dada yake hakuwasha jiko. Alivuka mawe akiwa ameshika viatu mkononi, akaja kusimama nyuma yangu, upande wa pili wa kighuba. Alikishika kitenge changu mgongoni kama mtoto anayeshika nguo ya mama sokoni. Mwalimu akainua mkono. Nikabonyeza, nyayo zikamulikwa. Kijivu, kimya, harufu ya majani ya ziwani. Kisha mdogo wake akaachia ubao, nikapiga, flashi zikawaka, na maji yakamfunika.

Nikageuka. Dada yake alikuwa na macho makavu, yamefunguka sana.

"Umeona? Amesema nini?"

"Mdomo sikuuona," akasema. "Nimeona miguu tu." Akaanza kucheka. "Miaka yote hii nageuza mgongo, kumbe ni kitu kifupi hivi!"

Baada ya hapo ikawa ni kazi yetu. Mimi napiga, nasafisha, nampelekea kibandani, naye anaketi na kukisia. Alikuwa anaziinua picha mbele ya kioo na kuigiza mdomo ule, akijaribu maneno ya Kisukuma ya nyumbani kwao moja baada ya jingine. Hakuna alilopatia. Picha moja inaweza kukupa mwanzo wa neno au mwisho wake, haikupi neno zima. Mdogo wake alimtazama akihangaika na kukataa kabisa kumsaidia. Huo ulikuwa utani wao mpya. Alinishonea mimi mifuko ya turubai ya kuhifadhi flashi, yenye dirisha la plastiki mbele na mkia wa kufungia kwenye mawe, na aliponipa alifumba mdomo wake kwa vidole, macho yanacheka.

Kuna kipindi cha mwaka ambacho wadudu wa ziwani hupanda juu ya maji kwa wingi mpaka unadhani kisiwa kinaungua. Ilikuwa asubuhi ya namna hiyo, moshi ule wa wadudu ukisimama mbali, wima, bila upepo. Jana yake nilikuwa na harusi, na nilisahau kuchaji betri. Flashi moja iliwaka kwa unyonge, nyingine hazikuwaka kabisa. Sikuwa na kazi. Nikaifunga kamera, nikamfuata dada yake chini kabisa ya ngazi, karibu na maji, mahali ambapo sikuwahi kukaa kwa sababu pembe yake ni mbaya kwa picha. Tukaloweka miguu. Ziwa lilikuwa limetulia hivi kwamba ubao ulionekana mara mbili.

Kulikuwa kumepambazuka vya kutosha. Mwalimu akapunga taulo.

Nilimwona mdogo wake akija, mrefu, mikono wazi, na mtu mwingine kama yeye akipanda kutoka ndani ya maji kumlaki. Na katika nafasi iliyobaki kati yao nikaisikia sauti. Haikuwa ya mwanamume wa umri wake. Ilikuwa nyembamba, inayumba, safi kabisa, sauti ya mtoto anayeita kitu uani.

Mimi Kisukuma sijui. Nilisikia silabi tu, kisha maji.

Dada yake alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mabega yalimtikisika, nikadhani analia, nikamshika.

"Amesemaje?"

"Ngoko!" Ilimtoka pamoja na kicheko. "Kuku! Anasema kuku! Mungu wangu, mimi nimekaa na picha nadhani anamwita mama, nadhani anaomba dua, kumbe anaita kuku!"

Tulicheka mpaka mwalimu akaja kuuliza kuna nini. Mdogo wake alipoogelea kurudi kwetu, dada yake alikuwa ameshaingia majini na gauni lake, maji yamemfika magotini. Alikunja viwiko, akavipigapiga ubavuni, akadonoa hewa kwa kichwa. Mdogo wake alisimama, maji yakimtiririka usoni. Alielewa kwamba amesikika. Nilimwona akiwaza jambo hilo, nikaogopa kidogo. Kisha naye akakunja viwiko, akavipiga juu ya maji, na wote wawili wakarushiana ziwa mpaka jua likatoka.

Siku hizi mimi huenda mara chache, harusi zimekuwa nyingi. Lakini wao wanaendelea. Mwalimu ananiambia kwamba yule dada sasa hukaa pale pale chini ya ngazi, na kabla mdogo wake hajapanda humshika kidevu, akamtamkia polepole neno jipya, la vitu ambavyo hakuwahi kuvijua alipokuwa mdogo: cherehani, bajaji, flashi. Naye hulipeleka juu, hulisema, na akiibuka dada yake humwambia kwa mkono kama limenyooka au limepinda. Mara nyingi limepinda. Hupanda tena nalo, taratibu, huku maji yakimdondoka kwenye ngazi.